Land Rover imezima mlimani: tuanzie wapi?

Tuseme ni mwaka 1975, msomaji, na dereva ni wewe. Umetoka Muze, kwenye Bonde la Rukwa, jua linawaka kwelikweli, na nyuma umembeba mama mjamzito ambaye uchungu umemzidia. Hospitali iko juu, Sumbawanga. Unapanda ukingo wa bonde kuelekea Ntendo kwa gia ya pili, mara Land Rover inakohoa, inakohoa tena, inazima. Unapiga stata: injini inazunguka vizuri ila haiwaki. Utingo ameshafungua boneti, anakutazama.

Jina la Sumbawanga watu hulitafsiri "tupa uchawi", kwa hiyo utani wa hapo unaujua. Mafundi wa zamani hawakuanzia huko. Walijiuliza kwanza: mafuta hayafiki, au yanafika kupita kiasi? Gari huzima kote kuwili, lakini dawa ya huku ni sumu ya kule.

Ili tuelewane, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1797 Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alieleza jinsi kimiminika kinavyoongeza kasi, na mgandamizo wake kushuka, kinapopita kwenye koo jembamba la bomba. Karibu miaka mia baadaye, 1893, Wilhelm Maybach kule Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka kule Hungaria, wakawa na kabureta ya kunyunyiza. Hewa inayovutwa na injini inapita kooni, mgandamizo unashuka, petroli inafyonzwa kupitia tundu dogo, yaani jeti. Kompyuta hakuna. Ni tundu tu.

Na tundu halijui liko wapi! Petroli huungua vizuri kilo 1 ikipata karibu kilo 14.7 za hewa. Uwanda wa Ufipa, kwenye mita kama 1,800, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 16. Petroli inayofyonzwa nayo inapungua, ila si kwa kiasi hicho, na ukipiga hesabu mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta kwa asilimia 9 hivi. Ndiyo maana gari lililorekebishwa Dar es Salaam lilifika Sumbawanga likitoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama halina adabu. Fundi akiweka jeti ndogo, linatulia. Ukilirudisha pwani bila kubadilisha, mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inachemka.

Hapa niseme kitu ambacho vitabu vya magari havisemi. Ufipa ilikuwa na mafundi wa hewa na moto kabla kabureta haijazaliwa. Tanuri za chuma za Wafipa, malungu, zilikuwa minara ya udongo yenye urefu wa mita 3 hivi, na hazikuhitaji mivukuto: hewa ya moto ikipanda juu, hewa mpya inavutwa yenyewe kupitia mabomba ya udongo chini. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye kintengwe, tanuri ndogo ya kusafishia chuma. Kazi hiyo ilikufa katika karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipojaa, lakini mabaki ya malungu bado yapo uwandani.

Haya, mlimani. Fungua plagi moja. Ikiwa imelowa na nyeusi, mafuta yamezidi: pengine choki imenasa, au boya limetoboka na sindano haifungi. Ya kwetu ni kavu. Chungulia koo la kabureta huku ukivuta waya wa mafuta. Petroli inapaswa kuruka kama mate. Hairuki.

Basi shuka kwenye pampu. Land Rover za wakati ule zilikuwa na kikombe cha kioo chini ya pampu, na mimi naona kile kioo ndicho kifaa bora kabisa cha uchunguzi katika gari lile. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini, unayaona kwa macho. Na maji yalikuwa mengi, kwa sababu huku mafuta yalizoeleka kusafiri kwa mapipa. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, malori yalibeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma kwenda Zambia, hadi bomba la TAZAMA lilipokamilika 1968. Pipa lisilojaa likipoa usiku linatoa jasho kwa ndani, na kutu juu yake.

Kikombe chetu ni kisafi, ila kina mapovu. Sasa tumefika. Wewe unajua maharage ya Sumbawanga huchelewa kuiva, kwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Petroli nayo ni hivyo hivyo, halafu pampu imekaa ubavuni mwa injini yenye moto na inavuta mafuta kutoka mbali, hivyo mgandamizo ndani ya paipu unashuka zaidi. Petroli imechemka njiani, na pampu inavuta mvuke. Madereva husema gari "imeshika hewa".

Magari ya leo yana pampu ndani ya tangi, inasukuma badala ya kuvuta, kwa hiyo tatizo hili limekuwa adimu. Wewe una kitambaa na dumu la maji. Loanisha kitambaa, kizungushe kwenye pampu na paipu, subiri. Mama anaugulia nyuma. Dakika kumi ni ndefu. Kisha pampu kwa mkono, kile kiwiko kidogo cha pembeni, mpaka mapovu yaishe kwenye kioo. Piga stata.