Krimu, Figo na Operesheni Vijana

Kila muhula tunapofika miaka ya mwanzo ya Azimio la Arusha, wanafunzi wangu huchangamka ninapotaja Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia siku ya mwaka mpya wa 1969 sketi fupi, mawigi, nguo za kubana na krimu za kuchubua ngozi havitavumiliwa tena. Hata kabla ya siku hiyo, makundi ya vijana wa kiume yalikuwa yameanza kuwashusha wanawake kwenye mabasi huko Kariakoo na kuwachania nguo. Mjadala ukapamba moto magazetini: utamaduni wa taifa ni upi, na nani mwenye mamlaka ya kuulinda juu ya mwili wa msichana?

Kwa miaka mingi nimelifundisha tukio hili kama historia ya mavazi, nikisimama upande wa wasichana. Msimamo huo sijauacha. Lakini nilikosea jambo moja: niliitia krimu katika kapu moja na sketi, kama walivyofanya wale vijana wa TANU. Sketi haiingii damuni.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza uchunguzi wao kuhusu watu wazima waliougua figo kiasi cha kuvimba mwili na kupoteza protini katika mkojo. Wengi wao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye chumvi ya zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Hupenya, husafiri, na figo ndiyo hulipa gharama. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu walipoacha kupaka.

Haidrokwinoni, iliyokuja kushindana na zebaki, ina chimbuko linalostahili kusimuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha ngozi nchini Marekani waliota mabaka meupe mikononi. Chanzo kilikuwa glavu za mpira, zilizotiwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni ili mpira usichakae. Ajali ya kazini ikageuzwa bidhaa ya urembo. Kufikia 1975 madaktari wa Afrika Kusini walikuwa wakieleza ngozi za wanawake zilizogeuka nyeusi ti na kukakamaa kwa sababu ya krimu hizo.

Basi mwaka 1968 lilikuwapo suala la afya ya umma, nalo likazungumzwa kwa lugha ya aibu. Aliyeaibishwa ni mpakaji, wakati krimu ilikuwa imetengenezwa, ikatangazwa na kusafirishwa na watu ambao hakuna aliyewachania shati. Mkataba wa Minamata uliozibana bidhaa hizi kimataifa ulipitishwa mwaka 2013, na mkorogo bado unakorogwa.

Siku hizi wanafunzi huniambia kwamba dawa ni kurudi kwenye asili. Nakubali kwa kiasi kikubwa. Pwani yetu ina liwa ya msandali, singo ya bibi harusi yenye asumini na mlangilangi, mafuta ya nazi, hina. Elimu ya masomo na makungwi, ambayo vyuo vyetu havijaipa heshima yake. Hata hivyo neno "asili" si cheti. Wanja uliosagwa kutokana na jiwe la galena ni wa asili kabisa, nao ni risasi. Piko inayochorwa pembeni mwa hina mara nyingi ni rangi ya nywele ya dukani, inayoweza kuunguza ngozi. Na mafuta ya nazi yenyewe, tukitaka ubishi, ni kemikali pia.

Kwa hiyo huwaomba walete vifungashio darasani, tuvisome kama tunavyosoma hati za nyaraka. Kisicho na orodha ya viambato huwekwa kando. Kinachotaja kalomeli kina zebaki. Na kinachoonya kisiguswe na pete ya dhahabu au ya fedha kimekiri chenyewe, maana zebaki huzila metali hizo.

Muhula huu nimebadilisha pia swali la mtihani. Zamani niliuliza kwa nini wasichana wa Dar es Salaam walipaka krimu. Sasa nauliza nani aliziingiza bandarini, na kwa nini jina lake halimo katika hotuba za 1968.