Ugwe na kamba: kuteua neno na kifaa cha fundo la msuguano

ugwe (wingi: ngwe, ngeli ya U-ZI): kamba nyembamba.
kamba (wingi: kamba, ngeli ya I-ZI): jina la jumla la nyuzi nyingi zilizosokotwa au kusukwa pamoja ili kufungia, kuvutia au kuning'inizia.

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hupokezana bila hasara. Afungaye gunia la tangawizi huko Mamba Miamba, wilayani Same, akiomba kamba au ugwe, huenda akapewa kitu kilekile. Lakini zipo shughuli ambazo upokezanaji huo huzaa hatari, na mojawapo ni kukwea miti kwa kamba.

Fundo la msuguano

Tuchukue mfano wa mkusanya mbegu katika Msitu wa Hifadhi Asilia wa Chome, unaokizunguka kilele cha Shengena katika Milima ya Upare. Miti kama mkulo huweza kuzidi mita 30, na matawi ya kwanza huwa mbali na ardhi. Mkweaji hupitisha kamba kuu juu ya tawi imara, kisha huizungushia mara kadhaa kamba ya pili iliyounganishwa na mkanda wake. Uzito ukilielemea fundo hilo, mizunguko hubana. Uzito ukiondolewa, fundo husogezwa kwa mkono. Hilo ndilo fundo la msuguano. Linalojulikana zaidi ni fundo la Prusik, lililopewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931.

Tatizo la mfasiri

Hapa pana kamba mbili zenye kazi tofauti. Mfasiri akiziita zote "kamba", husaidiwa na nini msomaji? Tazama sentensi hii:

Ikague kamba kabla ya kukwea. Ikiwa imekakamaa, ibadilishe.

Ni kamba ipi? Viambishi haviwezi kujibu, kwa kuwa nomino ni moja na ngeli ni moja. Tukiita ile nyembamba "ugwe", upatanisho wa kisarufi hutenganisha vitu vyote vitatu: kamba inaning'inia, ugwe unazunguka, fundo linabana. Kwa hiyo ninapendekeza "kamba" kwa ile kuu na "ugwe" kwa ile ya kufungia fundo. "Uzi" libaki kwa nyuzi zinazounda kamba au ugwe wenyewe.

Angalizo la kwanza: kiambishi "u-" ni pia cha nafsi ya pili. "Ukiwa umekakamaa, pumzika" ni maneno ya kuambiwa mtu. "Ukiwa umekakamaa, ubadilishe" ni ya ugwe. Katika maelekezo ya usalama, itaje nomino: "Ugwe ukiwa umekakamaa, ubadilishe."

Angalizo la pili: katika wingi, "ngwe" na "kamba" zote huchukua "zi-", na utata hurudi. Tumia umoja kila inapowezekana.

Angalizo la tatu: "kupanda miti" ni kuotesha na pia ni kuparamia. "Kukwea" hakuna utata huo.

Sifa za ugwe

Anayefasiri au kufundisha msamiati huu sharti aelewe sababu za uteuzi wa kifaa, la sivyo atapotosha vivumishi.

Unene. Ugwe huwa mwembamba kuliko kamba. Kwa kamba ya milimita 11 hadi 13, wakwea miti wengi hutumia ugwe wa milimita 8 hadi 10. Ukiwa mnene mno, fundo huteleza; ukiwa mwembamba mno, fundo hukwama. Tofautisha basi vitenzi: fundo linalobana linafanya kazi yake, lililokwama limekataa kusogezwa, linaloteleza halishiki.

Ulaini. Ugwe mkavu haukumbatii kamba vizuri. "Laini" hapa maana yake ni wenye kupindika kwa urahisi; usilifasiri kwa neno lenye maana ya udhaifu.

Kustahimili joto. Mtu akishuka kwa kasi, msuguano huchemsha ugwe. Polietilini ya nguvu, japo ni imara sana inapovutwa, huyeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi na huteleza mno. Poliesta huyeyuka karibu na 255. Aramidi haiyeyuki bali huungua kwenye joto kubwa zaidi. Hata hivyo, hudhoofishwa na jua na kupindwapindwa. Ndiyo maana ngwe nyingi za kazi hii huchanganya aramidi na poliesta.

Na katani?

Swali hili ni la haki Same, ambako mkonge hulimwa katika tambarare za Ndungu. Mmea huo uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893. Mkonge ni mmea, katani ni nyuzi zake. Kitani ni nyuzi za mmea mwingine kabisa, na kubadilishana herufi moja kumewaponza wafasiri wengi. Katani haiyeyuki, na ukwaruzaji wake huzidisha msuguano. Lakini hunyonya unyevu na kuoza ndani kabla dalili hazijaonekana nje, na msitu wa Chome ni wa ukungu na mvua. Kamba ya katani ifunge mizigo. Isikabidhiwe uhai wa mtu.

Mfano wa matumizi

Funga ugwe kwenye kamba kuu, kisha lijaribu fundo kwa uzito wako wote ungali karibu na ardhi. Fundo likiteleza, ongeza mzunguko mmoja, likikwama, punguza. Ugwe ukiwa umeng'aa au kukakamaa kwa joto, usiutumie tena.

Katika aya hiyo hakuna kiambishi kinachomwacha msomaji akikisia. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi aya hiyohiyo, wabadilishe kila "ugwe" kuwa "kamba", kisha wahesabu ni mara ngapi wamelazimika kuuliza: ipi?