Kabaka Mwanga Mkimbizi Kusini mwa Ziwa, 1888–1889

Wasomaji wa gazeti hili, walimu na wachungaji, wanazijua vema habari za mashahidi wa Uganda, na watoto wetu wa shule huzisimulia kwa moyo. Lakini iko sehemu moja ya habari hizo isiyofundishwa sana, nayo ilitukia huku kwetu, wala si Uganda: jinsi yule aliyewaua mashahidi alivyokuja kusini mwa ziwa akiwa mkimbizi, na jinsi alivyopokewa. Mimi nimeitafuta kwa sababu ya shauri moja lililo mbele ya wazee wa kanisa letu, nami nitalitaja mahali pake.

Usambiro ilikuwa nchi ya mtemi Makolo, karibu na mwisho wa ile ghuba ndefu ambayo Wazungu waliiita Smith Sound, huko Wazinza na Wasukuma wanakopakana. Leo mtu akisikia habari za upande ule, husikia dhahabu ya Geita na mashimo ya wachimbaji. Siku zile hapakuwa na mgodi wa Wazungu. Palikuwa na njia ya misafara, na nyumba ya misioni ya Kiingereza, na homa nyingi. Askofu Parker alikufa hapo mwezi Machi 1888. Ng'ambo ya ghuba, upande wa mashariki, ilikuwako Bukumbi, misioni ya Mapadre Weupe iliyoanzishwa mwaka 1883.

Misioni hizi mbili hazikupendana. Alexander Mackay, fundi Mskoti, alifika Uganda Novemba 1878. Padre Lourdel alifika Februari 1879. Na kabla mwaka haujaisha walikwisha kubishana mbele ya Kabaka Mutesa, huyu akisema kitabu cha yule ni cha uongo, na yule akijibu. Mutesa akawauliza, ikiwa kila taifa la Wazungu lina dini yake, yeye atajuaje ni ipi iliyo ya kweli? Swali hilo hawakulijibu kwa namna iliyomridhisha. Wanafunzi wao nao wakagawanyika, hawa wakaitwa Wangereza na hawa Wafransa, ingawa wote walikuwa Waganda.

Mutesa akafa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga, kijana bado. Tarehe 31 Januari 1885 wavulana watatu wa misioni ya Kiingereza waliuawa kwa moto, na mmoja wao, Yusufu Lugalama, alikuwa kama mtoto nyumbani mwa Mackay. Mwezi Oktoba akauawa Askofu Hannington huko Busoga; mwezi Novemba Yosefu Mukasa; na tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waprotestanti, wakachomwa Namugongo. Apolo Kagwa aliokoka, lakini alipigwa vibaya na Mwanga kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi Julai 1887 Mackay alifukuzwa, akaja kukaa Usambiro.

Hata Septemba 1888 Mwanga mwenyewe akaondolewa katika kiti chake. Walioungana kumwondoa, Waislamu na Wakristo, hawakupatana zaidi ya mwezi. Waislamu wakashika nchi, Wakristo wakakimbilia Ankole, na wamisionari wote wakatolewa. Wakatiwa katika chombo kimoja, mapadre wa Kifransa na Gordon na Walker wa misioni ya Kiingereza, watu ambao misioni zao zilikuwa zimeshindana kwa miaka tisa. Njiani kiboko akakipiga chombo, kikatoboka, vijana wengine wakafa maji. Waliobaki wakakitengeneza wakaja nacho kusini, hawa Bukumbi na hawa Usambiro. Mimi niliyelelewa katika shule ya Waprotestanti nilisikia mara nyingi juu ya uhodari wa Mackay, lakini chombo hiki kimoja sikukisikia hata nilipokuwa mtu mzima.

Mwanga naye alikimbilia Magu, kwa Waarabu, nao wakamtendea vibaya. Basi mwaka 1889 akaja Bukumbi. Fikirini, ndugu zangu, wale mapadre walimwona nani mlangoni. Vijana waliowafundisha na kuwabatiza kwa mikono yao, huyu ndiye aliyewachoma. Wakampa nyumba na chakula, wakaanza kumfundisha katekisimu kama mwanafunzi mwingine yeyote. Hawakumbatiza. Kumpokea mtu na kumbatiza ni mambo mawili, na mapadre hawakuyachanganya.

Je, toba yake ilikuwa ya kweli? Hapana shaka alitaka kiti chake. Wakristo waliokuwa Ankole walipoanza shauri la kumrudisha, Mackay hakuliunga mkono, wala hatuwezi kumlaumu upesi, kwa maana alimkumbuka Lugalama. Aliyemchukua Mwanga katika chombo chake ni Charles Stokes, mfanya biashara, aliyekuwa zamani mtu wa misioni ya Kiingereza. Kutoka Sese mwezi Juni 1889 Mwanga akamwandikia Mackay barua, akiomba mambo yaliyopita yasikumbukwe, na kukiri kwamba zamani hakumjua Mungu. Gordon na Walker wakaondoka Usambiro wakaenda kwake.

Lakini linalonishangaza zaidi si wamisionari. Ni wale Waganda wa Ankole. Mmisionari alipoteza wanafunzi. Wao walipoteza ndugu na rafiki, na wengine walichukua makovu mwilini. Hao ndio waliotuma watu wamtafute Mwanga, na Apolo Kagwa alikuwa miongoni mwa waliompigania mpaka akarudi Mengo. Mtu atasema ilikuwa hila ya vita tu, kwa kuwa walihitaji mwana wa mfalme. Na iwe hivyo kwa sehemu. Hata hivyo walipiga magoti mbele ya mkono uliowapiga, wakijua ni mkono gani.

Mackay alikufa kwa homa Usambiro tarehe 8 Februari 1890. Mifupa yake ilihamishwa Namirembe mwaka 1927. Mwanga aliyerudi katika kiti hakuwa mtakatifu, na walioshuku toba yake walipata sababu. Lakini tarehe 24 Januari 1892 waliopigana kwa bunduki katika Mengo hawakuwa Mwanga na Wakristo, bali Wangereza na Wafransa, wote wabatizwa, kila upande ukijihesabia haki. Waliompokea muuaji wa ndugu zao hawakuweza kupokeana wenyewe. Mwaka 1897 Mwanga akaasi, akashindwa, akaja tena kusini, akashikwa na Wadachi na kuwekwa Mwanza. Akatoroka, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa Shelisheli. Huko, asipokuwa na kiti wala tumaini la kiti, akabatizwa kwa jina la Danieli. Alikufa mwaka 1903. Tunafundisha kila mwaka ya kuwa mtu huokolewa kwa imani, si kwa matendo. Basi Danieli huyu tumweke wapi?

Sasa shauri letu. Mtu mmoja, mchimba dhahabu katika mashimo madogo ya upande wa Geita, ameomba kuandikwa katika darasa la ubatizo. Kila mtu anajua ya kuwa miaka iliyopita aliongoza vijana wa kijiji chake kumfukuza bibi kizee nyumbani kwake, wakimwita mchawi kwa kuwa macho yake ni mekundu. Katika Usukuma kuni ni haba, wanawake hupikia samadi na mabua, na moshi huwaharibu macho maisha yao yote. Na kwa macho hayo wengi wameuawa katika Shinyanga na Geita. Bibi huyu hakuuawa, ila alifia ugenini.

Katika baraza mimi ndiye niliyesema kwa ukali kuliko wote kwamba mtu huyo angoje. Nilisema vizuri, na wazee wakaitikia. Ndipo akasimama binti wa yule bibi, ambaye ni mshirika wetu, akasema afundishwe. Hakueleza sababu, akaketi. Tukaliahirisha shauri, kwa kuwa hatukujua la kumjibu.

Baraza litakaa tena baada ya mavuno, na habari hizi za Bukumbi nimeziandika kwanza kwa ajili ya wazee, niwasomee kabla sijasema neno langu jingine.