Ubingwa Chini ya Uluguru

Tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, ubingwa wa kandanda ulikuwa kama urithi wa Dar es Salaam: Sunderland, ambao baadaye waliitwa Simba, Cosmopolitan na Yanga walipokezana. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro, mji ulioegemea milima ya Uluguru, ikauvunja mwiko huo. Mwaka uliofuata Simba wakaurudisha ubingwa pwani. Mkoa wa Morogoro uliutwaa tena mwaka 1999, na mwaka 2000 ukautetea, kwa Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani. Ushindi wa Mseto haukuung'oa ukuu wa jiji. Lakini ulithibitisha kwamba ukuu huo ulikuwa desturi tu, wala si majaliwa.