Kibali na Chokaa

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko; upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Ukuta wa namna hiyo huvumilia karne nzima, ila hauvumilii paa linalovuja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi ziliangukia mikononi mwa Serikali. Wapangaji waliongezeka, matengenezo yakapungua, na mvua ikapata njia. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji, na atakaye kujenga, kubomoa au kubadili sura ya nyumba akalazimika kuomba kibali. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia.

Lakini kibali humzuia mwenye nyundo. Masika hayaombi kibali. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, lilikuwa mali ya umma, mbele ya macho ya kila mkubwa. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakafariki.

Wahenga walikwisha kuonya juu ya ufa usiozibwa. Mamlaka ya mji wa mawe, basi, na ipimwe kwa mapaa iliyoyaziba kabla ya masika, pamoja na majengo marefu iliyoyakataza.