Litungu, Ng'ombe na Hatua: Historia ya Utulivu wa Watu Wasiotulia

Ukitafuta picha ya meditesheni mtandaoni, karibu zote zinafanana: mtu kakunja miguu, kafumba macho, kimyaaa. Sasa mpe kazi hiyo mtu mwenye ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya kushika umakini, kutulia na kujizuia viwe vigumu kuliko kwa wenzake. Dakika ya kwanza anajikuna. Ya pili anawaza simu. Ya tatu kashasimama, na moyoni anajiambia kwamba yeye hafai hata kupumzika.

Hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Lakini historia ina neno lake. Kukaa kimya ni njia moja tu ya kuituliza akili. Ziko nyingine ambazo mwili unatembea, unacheza au unafanya kazi, na akili inatulia humo humo. Wala huhitaji kwenda mbali kuziona. Anzia Mara.

Gorong'a iko Tarime, upande wa kuelekea Hifadhi ya Serengeti. Kwa Wakurya, ng'ombe ni mali, ni mahari, ni heshima. Kwa vizazi vingi, darasa la kwanza la mtoto wa kiume lilikuwa machungani. Na mchungaji hakai. Anazunguka, anapiga mluzi, anageuka nyuma, anahesabu kundi kwa macho, anasikiliza nyasi zikitikisika maana fisi naye ana njaa. Umakini wake haujafungwa sehemu moja, unahama naye. Akili ikianza kutoroka, ndama anayepotelea kichakani anairudisha haraka sana. Mtoto ambaye darasani angeitwa mtundu, huko anaweza kuwa ndiye wa kwanza kuona kitu hakiko sawa.

Jioni kulikuwa na litungu. Ni zeze kubwa la Wakurya, nyuzi 8, tumbo lake limewambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, inanguruma mpaka unaisikia kifuani. Mpigaji anarudia mzunguko ule ule wa sauti, tena na tena, huku maneno ya wimbo yakibadilika juu yake. Wachezaji nao wana mtindo wa kuvaa viatu vikubwa vya mbao, na kiatu cha mbao hakikuruhusu kuwaza mambo mengine: usipoisikiliza hatua yako, unaanguka mbele za watu. Mabega, miguu, pumzi, vyote vinaufuata mdundo mmoja.

Hakuna mzee aliyeita hiyo meditesheni, na si haki kumwekea maneno mdomoni. Ilikuwa sherehe, ilikuwa kazi. Ila viungo vyake ndivyo vile vile wanavyovitafuta watu leo: mwili una shughuli, masikio yako hapa hapa, na kuna kitu kinachorudiwa ambacho akili inakirudia kila ikipotea.

Halafu likaja dawati.

Novemba 1974, hapo hapo mkoani Mara, TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Azimio la Musoma lilikuwa jambo kubwa na jema. Watoto ambao wangebaki bila kusoma waliingia darasani. Lakini shule, hapa kama kwingineko duniani, ilikuja na sharti lake: kaa, nyamaza, tazama mbele. Kwa mtoto mwenye ADHD, sharti hilo peke yake ni mtihani kabla ya mtihani. Na fimbo ilikuwepo. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko shuleni kwa masharti. Basi mtoto ambaye mguu wake hautulii alichapwa kwa sababu ya mguu, na wengi wao walikua wakiamini kwamba wana tabia mbaya. Hicho ndicho kidonda ambacho watu wazima wengi wanatembea nacho mpaka leo.

Wala si Afrika tu. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, alitoa mihadhara London kuhusu watoto wenye akili nzuri tu lakini wasioweza kujizuia wala kushika umakini. Akalieleza tatizo lao kama upungufu katika kuyadhibiti maadili yao. Yaani hata kitabibu, kutotulia kulisimama jirani na dhambi. Jina liliendelea kubadilika. Mwaka 1968 madaktari wa akili wa Marekani waliliweka kwenye mwongozo wao kama tatizo la watoto kupita kiasi katika kuhangaika. Mwaka 1980 wakahamisha mkazo kwenye umakini, na 1987 likapatikana jina ADHD tunalolisikia leo.

Mwaka 2008 ukatoka utafiti mmoja uliofanyika Kenya, kwa Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa nchi hiyo. Watafiti waliwapima wanaume takriban 150. Kundi moja lilikuwa bado linahama na mifugo, jingine lilikuwa limeshatulia mahali pamoja na kulima. Waliangalia aina fulani ya jeni ambayo tafiti nyingine ziliihusisha na ADHD. Kwa wanaohama, wenye jeni hiyo walikuwa na miili iliyoshiba vizuri zaidi kuliko wenzao. Kwa waliotulia, mambo yaligeuka, wenye jeni hiyo hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Tusilikuze jambo, jeni moja si mtu mzima na utafiti mmoja si hukumu. Lakini umegusa jambo ambalo mchungaji wa Gorong'a angelielewa bila maabara: kitu kile kile ndani ya mtu kinaweza kuwa mzigo au faida, kutegemea amewekwa wapi.

Turudi sasa kwenye meditesheni yenyewe. Hata huko ilikokomaa, haikuwa ya kukaa tu. Watawa wa Zen kule Japani hukatisha kikao na kutembea polepole, hatua na pumzi pamoja, na kutembea huko ni sehemu ya ibada kamili. Zanzibar kuna Maulidi ya Homu, ambapo watu hukaa kwa safu na kuyumbisha miili pamoja kwa mpangilio, mdundo ukipanda taratibu. Huko Uturuki, wafuasi wa tariqa ya Mevlevi wanamkumbuka Mungu kwa kuzunguka. Picha ya mtu aliyeganda kama sanamu ndiyo imesambaa zaidi, basi.

Watafiti nao wamefika hapo hapo. Mwaka 2008, chuo kikuu cha UCLA cha Marekani kilichapisha matokeo ya programu ya wiki 8 iliyotungwa kwa ajili ya watu wenye ADHD, watu wazima 24 na vijana 8. Hawakulazimishwa kukaa nusu saa. Walianza na dakika 5, wakaongeza kidogo kidogo, na aliyeona kukaa kunamshinda aliruhusiwa kutembea. Wengi walimaliza na wakasema dalili zimepungua. Kundi lilikuwa dogo na halikuwa na kundi jingine la kulinganisha, kwa hiyo ulikuwa mwanzo tu. Ila mlango ulifunguka.

Kwa hiyo mtu asiyetulia afanye nini? Atembee, tena bila simu mkononi, akihesabu hatua mpaka 10 kisha aanze upya. Akijikuta yuko 17, acheke, arudi moja. Huko kurudi ndiko mazoezi yenyewe. Apige ngoma, au meza tu, mdundo mmoja kwa dakika tano, akiusikiliza kila pigo. Atwange, afue, apalilie, asuke, huku akili ikiwa kwenye mikono. Anayependa kucheza, acheze wimbo mmoja akiisikiliza miguu yake badala ya kujitazama kwenye kioo. Muda mfupi kila siku unashinda saa nzima mara moja kwa mwezi.

Hii si dawa ya kuponya ADHD, na mtu asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu amepata ngoma. Ambaye kutotulia kunamharibia kazi, ndoa au masomo, amwone daktari. Na mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, kabla ya kushika fimbo, amtume kwanza dukani mbio, arudi, ndipo waketi na daftari.

Maana mtoto yule wa nyuma ya darasa, anayetikisa mguu chini ya dawati, huenda hamdharau mwalimu hata kidogo. Huenda mguu ule ndio unaomsaidia kusikiliza.