Ruhusa ya Faili, Kutoka Masijala hadi Nyumbani

Mwaka 1964 mitambo ya umeme ya Hale, wilayani Korogwe, ilianza kazi kwa nguvu ya maji ya Mto Pangani. Mwaka uliofuata Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, ikafunga kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500 kutoka Uingereza. Kwa mkulima wa Mpale, wilayani humohumo Korogwe, yote mawili yalikuwa mambo ya mjini.

Masijala, hata hivyo, aliijua. Aliyefuata shauri lake Korogwe au Handeni alikuta kila jalada lina namba, karani hulitoa kwa mhusika tu, na yaliyo nyeti hukaa masijala ya siri. Jalada lilimhusu yeye. Kulisoma ilikuwa kazi ya wengine.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, baada ya kuumizwa na gharama na hesabu zilizovurugika. Aliyetaka mashine aliomba kibali maalumu. Masharti yalianza kulegezwa miaka ya 1980.

Kwingineko, hata kabla ya hapo, watu walikuwa wanagombea kilichomo ndani ya mashine. Chuo cha MIT, Marekani, kilikuwa na kompyuta moja iliyotumiwa na wengi, kila mtu kwa neno lake la siri na saa zake za wiki. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, saa zikiwa hazimtoshi, aliiagiza mashine ichape faili lenye maneno ya siri ya wote. Ikachapa! Akaendelea na kazi kwa saa za wenzake.

Kompyuta za wengi zilihitaji kufuli kwa kila faili. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, cha Novemba 1971, tayari kilikuwa na amri ya chmod, ya kubadili ruhusa za faili. Hesabu yake ya leo ni ya kujumlisha, ya shule ya msingi: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha programu ni 1. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya watu baki. Faili la 640 mwenyewe hulisoma na kuliandika, kundi hulisoma tu, wengine hawaligusi. Kwa folda, ile 1 ni ruhusa ya kupita mlangoni. Wapo wanaokereka na kuandika 777, yaani ruhusa zote kwa wote, kila mahali. Huko ni kuacha masijala wazi karani akaenda kula.

Nyumbani mambo yalichelewa. Windows 95 na 98 hazikuwa na kufuli la aina hii kwenye mafaili. Windows XP ya 2001 ililileta, ila toleo la Home liliuficha ukurasa wa ruhusa usionekane katika matumizi ya kawaida. Kwa sababu ya kufuli hilo, anayehamishia diski ya zamani kwenye kompyuta mpya huweza kukataliwa picha zake mwenyewe: mashine mpya haimtambui mwenye mali. Dawa ni kuingia kama msimamizi, kujiandikisha upya kuwa mmiliki wa folda, kisha kujipa ruhusa.

Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Menyu zikawa za Kiswahili. Amri ya chmod ingali na herufi zake tano za mwaka 1971.